Nani Amfundishe Mwalimu? Habari za Wenyeji wa Kanada na Vyuo Vikuu Vyao



Tulipoleta habari hii mara ya kwanza katika mkutano wa tawi, mwenzetu mmoja mkata miwa alisimama akauliza: Vyuo vikuu vya Kanada vinatuhusu nini sisi? Swali lake lilikuwa la haki. Tulimjibu kwa kisa anachokijua mwenyewe.

Katika kiwanda kimoja tulichofanya kazi ya chama, palikuwa na mzee aliyetunza boila kwa zaidi ya miaka ishirini. Akisikia mlio tu alijua ni vali gani imechoka. Kila kijana aliyeletwa na cheti chake, mzee huyo ndiye aliyemfundisha, na baada ya miezi sita kijana alikuwa mkubwa wake. Nafasi ya fundi mkuu ilitangazwa mara tatu, na mara zote sharti la kwanza lilikuwa cheti. Chama kilipeleka malalamiko. Tukashindwa. Mzee alistaafu kwa mshahara wa msaidizi, na juma lililofuata wakamwita kama kibarua aje awaonyeshe jinsi ya kuwasha boila.

Sasa tusikilize ya Kanada, maana ni kesi ile ile, ila badala ya boila weka lugha, historia na malezi ya watoto wa taifa zima.

Wenyeji wa asili wa Kanada ni wale ambao vitabu vyetu vya shule viliwaita Wahindi Wekundu, jina wasilolipenda, pamoja na Wainuit wa nchi ya barafu na Wametis. Mkoloni alipokwisha kuchukua ardhi yao aligeukia watoto wao. Serikali na makanisa walijenga shule za bweni mbali na vijiji, na mwaka 1920 sheria iliwapa maofisa nguvu ya kumlazimisha mzazi kumtoa mtoto wake. Watoto wapatao 150,000 walipita humo. Walikatwa nywele, wakapewa majina mapya au namba, na aliyesema lugha ya mama yake alichapwa. Maelfu walikufa kwa kifua kikuu, njaa na kutotunzwa. Shule za mwisho za aina hiyo zilifungwa katika miaka ya 1990, yaani si zamani za mababu.

Wengi wetu tuliosoma shule za msingi tunakumbuka kile kibao kilichotundikwa shingoni mwa mtoto aliyeteleza akasema lugha ya nyumbani. Lakini sisi jioni tulirudi kwa mama zetu. Wao hawakurudi.

Na elimu ya juu je? Hapa pana jambo la kushangaza. Sheria ya Wahindi ya mwaka 1876 ilisema kwamba mwenyeji atakayepata shahada ya chuo kikuu, au kuwa wakili au kasisi, basi papo hapo si Mhindi tena mbele ya sheria. Miaka minne baadaye, mwaka 1880, kulazimishwa huko kuliondolewa, lakini nia ilikwisha onekana: msomi na mwenyeji wasiwe mtu mmoja. Ukiuliza kwa nini mpaka leo maprofesa wenyeji ni wachache, anzia hapo.

Mapambano ya kugeuza mambo hayo hayakuanza na maprofesa. Yalianza na wazazi. Mwezi wa Julai mwaka 1970, huko St. Paul katika jimbo la Alberta, wazazi waliingia katika shule ya Blue Quills wakakaa humo zaidi ya majuma mawili. Serikali ilitaka kuikabidhi shule kwa wengine, wao wakasema hapana, tutaiendesha wenyewe. Walipika humo, walilala humo, watoto wakiwamo. Kwa lugha yetu huo ni mgomo wa kukalia kiwanda. Serikali ilikubali, na Blue Quills ikawa shule ya bweni ya kwanza nchini humo kuongozwa na wenyeji. Leo jengo lile lile ni chuo kikuu, mali ya mataifa saba ya wenyeji.

Mwaka 1972 chama chao cha taifa kilitoa waraka wenye madai mawili makubwa: wazazi wawe na mamlaka juu ya elimu ya watoto wao, na shule ziongozwe na wenyeji mahali walipo. Mwaka uliofuata serikali ilikubali waraka huo. Hapo ndipo ukweli wa kazi ulipojitokeza. Umepewa shule, haya, walimu wako wapi? Katika jimbo zima la British Columbia wakati huo walimu wenyeji wenye cheti hawakufika 30, katikati ya maelfu ya walimu wa jimbo hilo.

Kwa sababu hiyo mwaka 1974 Chuo Kikuu cha British Columbia kilianzisha mafunzo ya pekee ya walimu wenyeji. Mpango wake ulikuwa wa akili. Mwanafunzi hakung'olewa kwao siku ya kwanza kupelekwa mjini Vancouver. Miaka miwili ya mwanzo alisoma katika vituo vilivyo karibu na jamaa zake, kisha ndipo akaenda chuoni. Waliofahamu jinsi shule za bweni zilivyovunja watu walijua kwa nini iwe hivyo.

Mmoja wa viongozi wa kazi hiyo alikuwa Mama Verna Kirkness, Mkrii kutoka Fisher River katika jimbo la Manitoba. Huyu alianza kufundisha watoto katika miaka ya 1950, akashiriki kutayarisha ule waraka wa 1972, na shahada zake za chuo kikuu alizipata akiwa mtu mzima, kazini. Katika miaka ya 1980 aliongoza mafunzo hayo ya walimu, na jitihada zake zilizaa nyumba kubwa ya wenyeji ndani ya chuo hicho, iliyojengwa kwa mtindo wa nyumba ndefu za pwani ile na kufunguliwa mwaka 1993. Mwaka 1991 yeye na mwenzake Ray Barnhardt waliandika makala ambayo mpaka leo husomwa sana. Waliuliza: kwa nini kila mara twasema mwanafunzi mwenyeji ameshindwa chuo kikuu, wala hatusemi chuo kikuu kimemshindwa yeye? Sisi tunaoambiwa kila mwaka kwamba mfanyakazi ndiye mvivu, swali hilo tunalielewa bila mkalimani.

Tuje sasa kwenye ajira yenyewe, maana ndiyo kazi yetu chama.

Mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Maridhiano iliyochunguza shule za bweni ilitoa miito 94. Mmoja ulitaka vyuo vikuu vitoe shahada za lugha za wenyeji, mwingine ukataka walimu wafunzwe jinsi ya kuingiza maarifa ya wenyeji madarasani. Vyuo vikaanza kutangaza nafasi kwa wingi, nyingine zikisema wazi: nafasi hii ni kwa mwenyeji tu. Walilalamika watu kwamba huo ni ubaguzi. Lakini katiba ya Kanada ya mwaka 1982, katika kifungu cha 15, inaruhusu mpango wa kuwainua waliokandamizwa. Sisi tuliopigania nafasi za unyapara na ufundi ziende kwa wananchi baada ya uhuru hatuoni ajabu.

Ajabu iko kwingine. Sharti la shahada ya udaktari lilibaki pale pale. Mzee anayejua lugha mpaka mizizi yake, na nyimbo, na sheria za ardhi, na dawa, akawa kama mzee wetu wa boila. Vyuo vingine viliona kosa hilo mapema. Chuo Kikuu cha Trent katika jimbo la Ontario, kilichoanzisha masomo ya wenyeji tangu 1969, kilikubali elimu ya jadi ihesabiwe katika kuajiri na kupandisha cheo. Mama Shirley Williams, aliyepitia shule ya bweni ambako lugha yake ilikatazwa, alifundisha lugha hiyo hiyo hapo Trent kwa miaka mingi mpaka akawa profesa. Tungependa waliomkataza wangekuwa hai wahudhurie darasa lake.

Kuna hatari nyingine: tangazo likisema mwenyeji tu, na uchunguzi ukiwa legelege, wajanja huingia. Mwaka 2021 na 2022 ilifichuliwa kwamba watu kadhaa wenye vyeo vikubwa vyuoni walidai asili ambayo hawakuweza kuithibitisha. Wengine waliacha kazi. Chuo Kikuu cha Saskatchewan kilipitisha sera mwaka 2022 ya kutaka uthibitisho, si kujitaja kwa mdomo tu. Wenyeji wenyewe walisema jambo rahisi: ulizeni jamii zetu, sisi twajua watoto wetu. Nasi twauliza, wakubwa wa vyuo walingoja nini miaka yote hiyo kuwauliza?

Kisha iko kazi isiyolipwa. Profesa mwenyeji akiwa peke yake katika idara, huitwa katika kila kamati, hufungua kila sherehe, kila mwanafunzi mwenyeji mwenye shida hulia mlangoni kwake, na mwisho wa mwaka huulizwa: mbona hukuandika kitabu? Kwa sababu hiyo baadhi ya vyuo vimeanza kuajiri wenyeji kadhaa kwa mara moja, wasaidiane. Vyama vya walimu wa vyuo vikuu navyo vimeleta mambo haya mezani kwenye majadiliano ya mkataba: saa za kushughulikia wanafunzi na jamii zihesabiwe kuwa kazi, na maarifa ya jadi yahesabiwe kuwa elimu.

Bado kuna wazee wanaoitwa darasani kufundisha, wakapewa bahasha ya asante kwa siku hiyo, bila mkataba, bila likizo, bila pensheni. Tulipoisoma sehemu hii mkutanoni, yule mkata miwa aliyeuliza swali alinyanyua mkono tena. Alisema hao ni vibarua kama sisi, akataka iandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Imeandikwa.