Picha Humalizikia Jichoni

Mwenye kuketi barazani wakati wa alasiri, kivuli cha paa kikiwa kimelala juu ya ukuta uliopakwa chokaa, akiukazia macho ukingo wa kivuli kile ataona jambo ambalo pengine hulipita kila siku asilitie maanani: upande wa nuru mna utepe mwembamba uliozidi weupe kuliko ukuta wenyewe, na upande wa giza mna utepe mwingine uliozidi weusi. Tepe hizo hazipo ukutani, wala kipima-mwanga hakizioni. Ernst Mach, mwanafizikia wa Austria, alizieleza mwaka 1865, na hata leo huitwa kwa jina lake. Sababu yake ni kwamba chembe za ndani ya jicho hunyamazishana, kila moja ikiwapunguzia sauti jirani zake. Basi ile iliyo ukingoni, ambayo nusu ya jirani zake wamo kivulini na hawana nguvu ya kuizuia, hupaza sauti kupita kiasi. Na kabla ya Mach kwa zaidi ya miaka 800, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeandika Kitab al-Manazir huko Misri, alikwisha kubainisha kwamba mengi tudhaniayo tumeyaona kwa jicho, kwa hakika tumeyahukumu kwa akili.

Hadaa hiyo ya ukingoni iliwafuata watu wa kompyuta hadi Chuo Kikuu cha Utah, Marekani. Kwa kuwa umbo la mviringo ni zito kulihesabu, kompyuta huliunga kwa vipande vingi bapa, mfano wa mtungi uliovunjika ukaunganishwa tena; na jicho, kwa tabia yake ya kutia chumvi penye mipaka, huona kila kiungo. Henri Gouraud, Mfaransa, aliyechora mistari usoni mwa mkewe Sylvie ili apate vipimo vya uso wa binadamu, alitoa mwaka 1971 njia ya kuitandaza nuru pole pole kutoka pembe moja ya kipande hadi nyingine. Uso ukalainika, walakini tepe za Mach hazikuisha, maana jicho halishtuki kwa nuru kuruka tu, bali hushtuka hata pale mteremko wa nuru unapobadilika ghafula. Bui Tuong Phong, Mvietnam wa chuo hicho hicho, akaona kuwa aula ni kuutandaza mwelekeo wa uso wa kitu, kisha nuru ihesabiwe upya katika kila nukta. Makala yake ilitoka mwaka 1975, na mwaka huo huo akafariki angali kijana.

Katika njia panda hiyo ya hisabu na jicho ndimo anamopatia riziki fundi wa programu wa kujitegemea, asiye na mwajiri wa kudumu, ambaye leo huandika mkataba na maabara ya chuo kikuu na kesho na kampuni ya michezo ya kompyuta. Mtafiti humjia akitaka, tuseme, kujua tofauti ndogo kabisa ya mwanga ambayo mtu aweza kuitambua; na hapo ndipo fundi humfichulia kwamba skrini nayo ina hadaa zake. Mwangaza huandikwa kwa namba toka 0 hadi 255, na kila mtu hudhani kuwa 128 ni nusu ya nuru, ilhali kwa kawaida ni kama sehemu moja tu ya tano, kwa kanuni tuliyorithi kwa runinga za kale za mrija wa kioo. Basi fundi hujifungia chumbani gizani, hupima namba moja baada ya nyingine, kisha hutunga jedwali la kuinyosha kanuni hiyo. Wakati nao una ubishi wake: skrini ibadilishayo picha mara 60 kwa sekunde haiwezi kuonyesha kitu kwa milisekunde 20, bali kwa 17 hivi au 33, na kumweleza hayo mteja aliyekwisha kuandika 20 katika ombi lake la fedha kunahitaji ulimi mtamu kuliko hisabu.

Zipo programu zilizokwisha kutungwa kwa kazi hii, kama Psychtoolbox ya David Brainard na Denis Pelli, iliyotangazwa mwaka 1997, na PsychoPy ya Jonathan Peirce wa Nottingham. Hizo hazikumnyang'anya fundi mkate wake. Kila jaribio jipya huomba kitu ambacho aliyetangulia hakukiwazia.

Siku hizi kazi yenye ladha zaidi iko katika miwani ya uhalisia pepe. Jicho huona kwa ukali katika eneo dogo tu, kadiri ya upana wa kidole gumba ukiunyosha mkono, na pembezoni huona kwa kukisia. Kwa hiyo miwani yenye kufuatilia mboni huchora kwa ukamilifu pale tu jicho linapotua, na kwingineko huchora kwa ukungu ili kompyuta ipumue. Ukungu huo uanzie wapi, na uwe mzito kiasi gani? Hilo halijibiwi mezani. Fundi humvisha mtu miwani, humwuliza kama ameona tofauti, na akiambiwa hakuna, huandika daftarini, huongeza ukungu kidogo, kisha humwomba tafadhali atazame tena.