Michezo ya Sauti Darasani: Sikio na Tahajia

Mwalimu wa Kiswahili asahihishaye insha za kidato cha kwanza hukutana na wananchi waliopiga "kula" ya siri, na bwana harusi aliyelipa "mahali". Neno huzungushiwa wino mwekundu, mwanafunzi huamriwa kuliandika mara kumi, na juma lifuatalo kosa hurudi vilevile. Je, kosa hilo limo mkononi au limo sikioni?

Tahajia ya Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni lahaja ya Kiunguja iliyoteuliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, hufuata matamshi kwa karibu sana. Kwa sehemu kubwa, tuandikavyo ndivyo tutamkavyo. Hiyo ni neema kwa mwanafunzi, lakini ina mtego ndani yake: asiyeisikia tofauti ya sauti mbili hana njia ya kuiandika ila kwa kukariri neno moja moja. Lugha nyingi za Kibantu hazitumii l na r kutenga maana za maneno. Kijana aliyekulia katika lugha ya namna hiyo si mvivu wala si mzembe. Sikio lake limezoea kuipuuza tofauti ambayo nyumbani haina kazi.

Basi tuanze na koo. Weka vidole viwili juu ya koromeo, tamka "ssss", kisha "zzzz". Katika sauti ya pili utahisi mtetemo, kwa sababu nyuzi za sauti zilizomo kooni hukaribiana na kutikiswa na pumzi itokayo mapafuni. Sauti hizo huitwa ghuna. Ulimi haukuhama, kilichobadilika ni koo tu. Hali ni hiyo hiyo kwa f na v, na kwa th na dh.

Kutokana na jaribio hilo hupatikana mchezo mzuri. Darasa ligawanywe makundi mawili. Mchezaji humwonyesha mwalimu kwa siri kadi yenye neno moja la jozi kama fua na vua, saa na zaa, au sana na zana, kisha hulitamka. Mwenzake, akiwa amempa mgongo, huliandika ubaoni. Likilingana na kadi, kundi hupata alama. Lisipolingana, wote wawili hukosa. Sharti hili lina maana, kwani humfanya msemaji naye awajibike, badala ya lawama zote kumwangukia mwandishi.

Walimu wengi hupenda mchezo wa kunong'onezana neno kutoka sikio hadi sikio. Hapa pana tahadhari. Mtu anaponong'ona, nyuzi za sauti hazitetemeki. Kwa hiyo tofauti ya s na z hufifia sana, na mwanafunzi huadhibiwa kwa kosa la fizikia! Mchezo huo ufaao kwa l na r usitumiwe kwa sauti ghuna.

Kuhusu l na r zenyewe, kazi iko kwenye ulimi. Kwa l, ncha ya ulimi hugusa ufizi na pumzi hupita kandoni. Kwa r, ncha hiyo hupigapiga ufizi upesi. Chora mstari uwanjani. Wanafunzi wasimame juu yake, macho wameyafumba, maana tabia ya kunakili jirani haiishii kwenye mtihani. Wakisikia "mahali" waruke kulia; wakisikia "mahari" waruke kushoto. Kisha kalamu na karamu, fahali na fahari, mbali na mbari. Mwanzoni sauti zivutwe, baadaye zitamkwe kwa mwendo wa kawaida. Kama ulimi wa mwalimu mwenyewe una mazoea hayo hayo, na wengi wetu tunayo, amwite mwanafunzi atamkaye vema awe msemaji. Kicheko kiwe cha mchezo; darasa likianza kumcheka mtu kwa lugha ya mama yake, mchezo usimamishwe, kwa kuwa aliyeaibishwa hufunga kinywa, na sikio hufuata.

Kwa ng', wanafunzi wavute sauti hiyo kama mvumo, halafu wabane pua. Mvumo hukatika mara moja, kwa kuwa hewa yote ilikuwa ikipita puani. Kisha watamke ng'oa na ngoa, wasikilize jinsi neno la pili linavyoongeza g baada ya mvumo. Ritifaa itaacha kuwa pambo linalosahauliwa.

Kwa wale watakaouliza kama tahajia yetu hunasa kila kitu, shika ukanda mwembamba wa karatasi mbele ya kinywa cha msemaji wa Kiunguja. Atamkapo paa la nyumba, karatasi hutikisika kidogo. Atamkapo paa wa porini, hupeperuka kwa nguvu, kwa kuwa p hiyo hufuatwa na mpumuo. Daftarini maneno yote mawili huandikwa sawasawa.