Mchungaji na Vyanzo vya Habari katika Kazi Yake

Kila mtu aliyesomea kazi maalumu hutafuta habari kwa sababu kuna wajibu unaomdai. Hatafuti ili ajue tu, bali ili atende. Mwaka 1996 watafiti Leckie, Pettigrew na Sylvain walikusanya matokeo ya uchunguzi juu ya wahandisi, wahudumu wa afya na wanasheria, wakaonyesha utaratibu mmoja: wajibu huzaa kazi, kazi huzaa hitaji la habari, nao uchaguzi wa chanzo hutegemea kile mtu anachokijua, anachokiamini na kilicho karibu naye. Donald Wicks, katika uchunguzi wake wa mwaka 1999 juu ya wachungaji wa Kanada, alitaja nafasi tatu za mchungaji: mhubiri, mlezi wa roho na msimamizi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kila nafasi ina chanzo chake kinachoifaa, na kwamba kilicho karibu si lazima kiwe ndicho.

1. Mhubiri

Jumapili haimngoji mtu. Kwa hiyo mhubiri hufikia kilicho karibu: kitabu cha mafafanuzi, mahubiri yake ya miaka iliyopita, na siku hizi mahubiri ya wengine katika simu. Vyanzo hivi vina faida, lakini visitangulie. Kwanza lisomwe Neno lenyewe, kisha wasikilizwe washarika. Luther, katika waraka wake wa mwaka 1530 juu ya kutafsiri, alieleza kwamba mfasiri hana budi kusikiliza usemi wa mama nyumbani, watoto njiani na mtu wa kawaida sokoni. Mjuzi wa Kiebrania na Kiyunani hakudharau chanzo hicho.

2. Mlezi wa roho

Hapa kosa huweza kugharimu uhai. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa dawa ya mitishamba iliyotolewa na mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500 kikombe. Tuchukue mfano wa msharika mwenye virusi vya UKIMWI anayerudi kutoka huko na kumwuliza mchungaji wake, "Baba Mchungaji, je, niache vidonge?" Swali lina sura ya imani, lakini ndani yake limo swali la tiba. Ushuhuda wa jirani aliyepata nafuu uko karibu, tena unagusa moyo. Kipimo cha hospitali kiko mbali, na majibu yake huchelewa. Hata hivyo, dawa za kupunguza makali zikikatizwa, virusi huzaana tena mwilini. Kwa hiyo mchungaji amsikilize, aombe pamoja naye, na amwambie wazi asiache dawa bila kuonana na daktari. Kuutambua mpaka wa elimu yetu si upungufu wa imani, bali ni uaminifu kwa kundi tulilokabidhiwa.

3. Msimamizi

Ugomvi wa fedha au kiwanja ukizuka usharikani, habari ya kwanza humfikia mchungaji kupitia kwa mtu aliyemzoea. Mithali 18:17 inatuonya kwamba anayetangulia kujieleza huonekana ana haki mpaka mwenzake atokee. Chanzo kinachofaa hapa ni maandishi: kitabu cha fedha, mihtasari ya baraza la wazee na katiba. Kisha usikilizwe upande wa pili kabla ya neno lolote kutamkwa.

Hitimisho

Luka anaanza Injili yake (1:1-4) kwa kueleza kazi aliyoifanya: alizingatia mapokeo ya walioshuhudia, akajitafutia usahihi wa mambo yote tangu mwanzo na kuyaandika kwa taratibu, ili Theofilo apate hakika. Uvuvio wa Roho haukumwondolea kazi ya kuchunguza. Nasi, kabla ya kutumia habari yoyote katika huduma, tujiulize maswali matatu: aliyesema haya aliyajuaje? Ni nani ambaye hajasikilizwa bado? Na ikiwa habari hii si kweli, ni nani atakayeumia?