Shujaa Mpweke na Shujaa Anayehojiwa: Kutoka Liyongo hadi Jimbo la Mikumi

Katika mkondo wa ulimbwende wa Ulaya, shujaa wa Byron ni mpweke mwenye hisia kali anayejitenga na kaida za jamii. Fumo Liyongo, katika utenzi wa Muhamadi Kijumwa wa mwaka 1913, anamkaribia: ni mshairi, nguvu zake zinapita za watu wote, na anauawa kwa usaliti wa mwanawe. Ingawa anaponyoka kifungoni kwa msaada wa mama na mjakazi, hakuna anayemdai hesabu ya matendo yake.

Ushujaa wa kisasa humrejesha shujaa mbele ya umma. Katika wimbo “Ndio Mzee” (2001), Joseph Haule, yaani Professor Jay, anaivaa nafsi ya mwanasiasa anayeahidi yasiyowezekana huku umati ukiitikia. Kinaya kimo humo: anayejinadi kuwa mkombozi si shujaa, na ujasiri unaohitajika ni wa msikilizaji atakayekataa kuitikia.

Mwaka 2015, wapigakura wa jimbo la Mikumi, wilayani Kilosa, walimchagua Haule kuwa mbunge. Mtunzi akasimama mahali pa nafsi aliyoikejeli, mbele ya watu waliokuwa na wimbo wake mwenyewe wa kumpimia. Alihudumu hadi 2020. Liyongo hakuwa na muhula, mbunge anao. Kwa hiyo, tofauti ya msingi kati ya mashujaa hawa imo katika haki ya umma ya kumhoji anayeitwa shujaa angali hai.