Akiba Isiyokaguliwa Huoza: Nakala za Kumbukumbu Kati ya Kasese na Bwera

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa kumbukumbu za kompyuta, usemi huo hutimia pale tu akiba inapokaguliwa. Mwezi wa Mei 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulivunja kingo zake, na maji yakaingia hadi Hospitali ya Kilembe. Aliyeshuhudia mafuriko hayo hahitaji kuelezwa hatari ya kuweka kumbukumbu zote katika chumba kimoja. Kwa sababu hiyo, chama cha kuweka na kukopa, shule au zahanati yenye ofisi mjini Kasese na tawi Bwera hufanya busara inapohifadhi nakala za upande mmoja katika seva ya upande wa pili.

Jambo hili linaihusu polisi pia. Mwanachama anapolalamika kwamba fedha zake zimetoweka, mpelelezi huomba kwanza kumbukumbu za miamala. Zisipopatikana, mwizi hunufaika, na karani asiye na hatia hukosa cha kumtetea.

Mara nyingi nakala hushindikana kwa sababu ofisi hizo mbili ziko katika domeni tofauti. Domeni ni kundi la kompyuta zinazotumia orodha moja ya watumiaji chini ya usimamizi mmoja. Mfano wake ni vijiji viwili. Mwenyekiti wa LC1 huwatambulisha wakazi wa kijiji chake, lakini hawezi kumdhamini mtu wa kijiji asichokijua. Vivyo hivyo, seva ya Bwera haimtambui mtumiaji wa Kasese mpaka pande zote mbili zikubaliane kuaminiana, au mtumiaji huyo afunguliwe akaunti Bwera.

Nakala zikikoma, msimamizi afuate hatua hizi kwa utaratibu.

Kwanza, asome ripoti ya programu ya nakala. Ujumbe kwamba kompyuta haikupatikana huelekeza kwenye jina au njia ya mawasiliano. Ujumbe kwamba ombi limekataliwa huelekeza kwenye akaunti na ruhusa.

Pili, apime jina. Ikiwa seva ya Bwera inafikiwa kwa anwani yake ya tarakimu lakini haifikiwi kwa jina, kasoro iko katika huduma ya kutafsiri majina.

Tatu, akague programu ya ulinzi inayochuja mawasiliano. Afungue njia ile tu inayohitajika kwa nakala. Kuzima ulinzi wote ili kazi iende ni sawa na kuacha mlango wazi usiku kucha.

Nne, aangalie akaunti. Nenosiri lililobadilishwa au kuisha muda husimamisha nakala kimyakimya. Kila domeni iwe na akaunti yake maalumu ya kazi hii, yenye ruhusa ndogo. Akaunti kuu ya msimamizi isitumike, kwani atakayeiba nenosiri lake atazimiliki ofisi zote mbili.

Tano, alinganishe saa. Katika mitandao mingi ya Windows, saa zikipishana kwa zaidi ya dakika 5, seva hukataa kumtambua mtumiaji. Bwera iko karibu na mpaka wa Kongo, ambako saa iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na simu huko huweza kunasa mtandao wa ng'ambo. Anayerekebisha saa ya seva kwa kutazama simu yake anaweza kuipoteza kwa saa nzima.

Sita, achunguze kama diski imejaa, au kama umeme hukatika kabla nakala haijakamilika.

Baada ya yote hayo limebaki jaribio kuu, nalo ni kurejesha. Ripoti inayosema kazi imefanikiwa si ushahidi wa kutosha. Kila mwezi chagueni jalada moja, mlirejeshe katika kompyuta nyingine, mlifungue, kisha mlilinganishe na stakabadhi za karatasi. Nakala nyingine iwekwe mbali, katika diski isiyounganishwa na mtandao. Wahalifu wanaofunga data kwa mafumbo na kudai fidia hufunga pia nakala zote wanazozifikia.

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka kila anayetunza taarifa za watu kuzilinda. Mkishuku kwamba kumbukumbu zimechezewa, msifute chochote wala msisakinishe programu upya. Andikeni saa na tarehe, orodhesheni wenye ruhusa ya kuingia, kisha mfike kituo cha polisi kilicho karibu nanyi. Mapema mnapofika, ndivyo ushahidi unavyopatikana ukiwa mzima.

Ndugu msomaji, mvua haitoi taarifa kabla ya kunyesha milimani. Waulize leo wanaotunza kumbukumbu zako: ni lini mara ya mwisho walipojaribu kuzirejesha?