Basi Lenye Kiungo: Kutoka Ikarusi ya UDA hadi Mwendokasi ya Barabara ya Kilwa

Msafiri anayetoka Ruaruke, wilayani Kibiti, kwenda Dar es Salaam huishika Barabara ya Kilwa kuelekea kaskazini, hupita Mkuranga, Vikindu na Kongowe, na hatimaye huingia jijini kupitia Mbagala Rangi Tatu. Hapo ndipo ilipo kingo ya kusini ya Awamu ya Pili ya miundombinu ya Mabasi Yaendayo Haraka, yenye urefu wa kilomita 20.3. Kwa wananchi wa Kibiti na Rufiji, mradi huo ambao wengi huuhesabu kuwa wa watu wa jijini ndio hatua ya mwisho ya safari yao wenyewe. Mama aliyeleta kamba wakavu kutoka deltani, au mzee mwenye barua ya rufaa ya hospitali, atasubiri hapo chombo kitakachomfikisha katikati ya jiji.

Chombo kinachoipa huduma hiyo umaarufu wake ni basi refu la mita 18, lililogawanyika vipande viwili na kushikamanishwa katikati kwa kiungo kinachopinda. Wananchi wameshasikia mara nyingi matangazo kuhusu idadi ya mabasi yanayoagizwa. Ni mara chache, hata hivyo, hupata maelezo ya namna basi la aina hiyo linavyofanya kazi na linahitaji nini ili lidumu, nalo ndilo jambo linaloamua iwapo huduma iliyozinduliwa leo itakuwapo baada ya miaka kumi.

Basi la kawaida la mita 12 katika mfumo wa Dar es Salaam huchukua abiria wapatao 80. Lile la mita 18 huchukua wapatao 150. Dereva ni mmoja na nafasi inayochukuliwa barabarani haikui sana, lakini watu wanaosafirishwa wanakaribia kuwa mara mbili. Lingejengwa kuwa kipande kimoja cha mita 18, basi hilo lisingeweza kukata kona katika mitaa ya jiji bila kupanda ukingo au kugonga nguzo. Kiungo ndicho kinacholiruhusu kupinda, kipande cha nyuma kikifuata njia ya kile cha mbele.

Chini ya sakafu ya kiungo hicho kuna sahani mbili nzito za chuma zinazozungukiana juu ya beringi kubwa. Sahani moja imefungwa kwenye chesisi ya kipande cha mbele, nyingine kwenye kile cha nyuma. Juu yake abiria husimama kwenye sakafu ya duara inayogeuka taratibu basi linapokata kona, na pembeni hukingwa na pazia la mpira lenye mikunjo kama mvukuto wa mhunzi. Kupitia hapo hapo hupita nyaya za umeme, mabomba ya upepo wa breki na, katika mabasi mengi, mabomba ya mafuta ya haidroli. Kila kona inayokatwa huzikunja na kuzikunjua nyaya na mabomba hayo. Basi linalofanya safari kutwa nzima hurudia tendo hilo mara zisizohesabika, na kila shimo barabarani hupeleka pigo lake moja kwa moja kwenye beringi.

Mahali ilipo injini nako kuna uzito wake. Mabasi ya zamani yalikuwa na injini chini ya sakafu ya kipande cha mbele, ikizungusha magurudumu ya ekseli ya kati. Kipande cha nyuma kilivutwa tu, kama tela. Mengi ya kisasa yana injini nyuma kabisa, hivyo kipande cha nyuma hukisukuma kile cha mbele. Mpangilio huo huacha nafasi kubwa ndani, lakini una hatari yake: barabara ikiwa na utelezi, vipande viwili vinaweza kukunjana kama kisu cha kukunja. Ili kuzuia hilo, kiungo huwekewa silinda za haidroli zinazosimamiwa na kompyuta ndogo, nazo hukaza pale mkunjo unapozidi kiasi. Fundi anayelihudumia basi hilo hana budi kujua chuma, haidroli na elektroniki kwa pamoja.

Wakazi wa Dar es Salaam wenye umri mkubwa hawakuliona basi la namna hii kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lililoundwa mwaka 1974 baada ya kampuni ya DMT kugawanywa, ambapo usafiri wa mikoani ulikabidhiwa kwa KAMATA, lilikuwa na mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria. Watu waliyaita Ikarusi, na mengine yakapewa jina la kumbakumba, kwa kuwa yalipofika kituoni yaliwazoa abiria wote kwa mkupuo mmoja. Jina lilistahili.

Ikarus 280, ambalo ndilo basi refu lililofanya kiwanda hicho kijulikane duniani, lilianza kutengenezwa mwaka 1973 na likaendelea hadi 2002. Yalitoka zaidi ya 60,000. Lilikuwa sehemu ya ukoo mzima wa mabasi yaliyotumia mabati, vioo, milango na mitambo ya kufanana: yapo ya mjini ya kipande kimoja, yapo ya safari ndefu, na yapo yaliyotumia umeme wa waya za juu. Kufanana huko ndiko kulikofanya bei yake iwe nafuu na vipuri vyake vipatikane kwa wingi ndani ya nchi za kisoshalisti za Ulaya ya Mashariki, ambazo zilikuwa zimegawana kazi za viwanda: Hungaria mabasi, Chekoslovakia tramu.

Romania haikuridhika sana na mgawo huo. Shirika la usafiri la Bucharest lilianza katika miaka ya 1970 kujenga lenyewe, katika karakana yake, tramu ya vipande vitatu vilivyounganishwa iliyoitwa V3A. Haikuwa tramu ya kifahari. Hata hivyo, miongo kadhaa baadaye, walemavu na wazee walipohitaji sakafu iliyo chini, karakana hiyo hiyo ilizichukua tramu zake, ikabadilisha kipande cha katikati na kuweka sakafu ya chini, ikaondoa mitambo ya zamani ya umeme na kuweka ya kielektroniki, kisha ikazirudisha barabarani. Mafundi waliweza kufanya hivyo kwa sababu chombo kilikuwa chao tangu kwenye mchoro.

Dar es Salaam haikuwa na bahati hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 taifa lilikabiliwa na bei kubwa ya mafuta, gharama za Vita vya Kagera na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Kipuri cha kiungo hakichongwi na fundi wa mtaani. Kilipaswa kuagizwa, na fedha ya kukiagiza haikuwapo. Jiji lilikua, mabasi yakapungua. Mwaka 1983 Serikali iliruhusu mabasi madogo ya watu binafsi, daladala, kubeba abiria, na kumbakumba yakatoweka barabarani moja baada ya jingine. Jambo la kuzingatia ni kwamba mjini Budapest mabasi ya Ikarus 280 yaliendelea kubeba abiria hadi Novemba 2022. Basi lilikuwa la aina ile ile. Kilichotofautiana ni karakana.

Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, DART, ulianzishwa mwaka 2007 ili kurejesha usafiri wa wengi kwa mpangilio mpya. Awamu ya Kwanza, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ilianza kutoa huduma Mei 2016 na kuzinduliwa rasmi Januari 25, 2017 na Rais wa Awamu ya Tano, Dkt. John Pombe Magufuli. Ilianza na mabasi 140 ya Golden Dragon kutoka China: 39 ya mita 18 na 101 ya mita 12. Mfumo ulijengwa kwa namna inayolifaa basi lenye kiungo. Njia yake ni ya zege, kwa kuwa magurudumu mazito yanayopita mstari ule ule na kufunga breki mahali pale pale huiumua lami. Vituo viko katikati ya barabara, juu ya jukwaa lililo usawa wa sakafu ya basi, na milango ya kupandia kutoka jukwaani iko upande wa kulia. Kwa sababu hiyo basi refu la mwendokasi haliwezi kuhamishiwa barabara ya kawaida kama daladala. Nje ya njia yake halina pa kushushia watu.

Hesabu iliyosahauliwa mapema ilikuwa ya mahali pa kulala mabasi. Karakana kuu ya Awamu ya Kwanza ilijengwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, na mvua za masika ziliifurika zaidi ya mara moja, zikasimamisha huduma na kuharibu mabasi. Maji ya matope yakiingia kwenye beringi ya kiungo na kwenye visanduku vya elektroniki, madhara yake huonekana miezi kadhaa baadaye, wakati mafuriko yenyewe yameshasahaulika. Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, unaojumuisha daraja jipya la Jangwani na kuihamisha karakana hiyo, unashughulikia chanzo chenyewe cha tatizo.

Jiji jingine la Afrika Mashariki lina somo linalofanana. Addis Ababa ilizindua mwaka 2015 reli nyepesi ya umeme yenye tramu 41 za vipande vitatu, zilizotengenezwa Changchun, China. Zilipokelewa kwa shangwe iliyostahili. Miaka michache baadaye sehemu kubwa ya tramu hizo ilikuwa imeegeshwa, magurudumu yakiwa yamelika na vipuri havipatikani kwa wakati.

Awamu ya Pili, iliyojengwa na kampuni ya Sinohydro kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ina karakana yake Mbagala. Mwaka 2025 yalianza kuwasili mabasi marefu yanayotumia gesi asilia iliyoshindiliwa, chini ya kampuni binafsi ya Mofat. Hapa Kibiti na Rufiji zinaingia katika habari kwa njia nyingine kabisa. Gesi ya Songo Songo, kisiwa kilicho mbele ya pwani ya Kilwa, imekuwa ikisafirishwa tangu mwaka 2004 kwa bomba linalotua Somanga na kupita nchi kavu hadi Ubungo. Bomba kubwa zaidi kutoka Mtwara lilifuata mwaka 2015. Yote mawili hupita katika ukanda huu wa Pwani. Nishati inayolisukuma basi Barabara ya Kilwa ni ya nchini, haiagizwi kwa dola kama dizeli iliyoyaelemea mabasi ya UDA.

Vipuri vya kiungo bado vinaagizwa. Kwa hiyo mwananchi anayefuatilia taarifa rasmi za mabasi mapya ana sababu ya kutazama zaidi ya idadi iliyoshushwa bandarini. Mkataba wa mwendeshaji unasema nini kuhusu matengenezo? Akiba ya vipuri iko nchini au iko kiwandani China? Mafundi wangapi wamefunzwa kufungua kiungo na kukirudisha? Takwimu yenye manufaa kuliko zote ni ya mabasi yanayotoka karakana kila alfajiri yakiwa mazima, ikilinganishwa na yaliyonunuliwa. Mabasi 100 yanayotoka 60 ni huduma ya mabasi 60, na foleni ya Mbagala italipima hilo kabla ya mkaguzi yeyote.

Abiria wa kutoka Ruaruke na vijiji jirani wana suala jingine ambalo halipatikani Kimara kwa uzito huo huo: mzigo. Basi la mita 18 halina keria juu wala buti pembeni. Nafasi yake imepimwa kwa watu, wengi wao wakisimama. Tenga la samaki au gunia la nazi lililoteremshwa kwenye basi la Kibiti halina mahali pake humo, hasa asubuhi, na likiwekwa juu ya sakafu ya duara ya kiungo huwa hatari, kwa kuwa sakafu hiyo hugeuka. Anayekwenda na mkoba wake atafika mjini upesi. Mwenye tenga bado atamhitaji mwenye bajaji ya mizigo pale Rangi Tatu.