MAUMIVU BAADA YA KUPASULIWA: SINDANO NA UMEME VYAWEZA KUSAIDIA

Askari hufundishwa kuvumilia. Fundisho hilo ni jema vitani na katika zamu ya usiku, lakini kitandani mwa hospitali laweza kuleta hasara. Mtu aliyepasuliwa tumbo au kifua, akinyamaza na maumivu yake, huogopa kuvuta pumzi kwa nguvu, huogopa kukohoa, na huogopa kushuka kitandani. Makohozi hukaa mapafuni na kuleta nimonia; damu nayo yaweza kuganda katika mishipa ya miguu. Kwa hiyo kutuliza maumivu si anasa wala udhaifu, bali ni sehemu ya matibabu.

Dawa kubwa katika kazi hii ni mofini na jamaa zake. Ni dawa njema, ila ikizidi hulevya, huleta kichefuchefu, hufunga choo na kupunguza pumzi. Ndiyo sababu waganga wametafuta njia za kumtuliza mgonjwa kwa dawa kidogo zaidi. Mojawapo ni akupancha ya umeme, iliyotoka China.

HABARI ILIVYOENEA

Wachina wametumia sindano nyembamba kwa karne nyingi. Huko Marekani habari hiyo ilivuma mwaka 1971. Mwezi wa Julai mwaka huo, James Reston, mwandishi wa gazeti la New York Times, alishikwa na ugonjwa wa kidole tumbo akiwa Beijing. Alipasuliwa kwa ganzi ya kawaida, wala si kwa sindano za akupancha kama wengi wanavyosimulia. Usiku wa pili tumbo lilimjaa na kumsumbua. Ndipo mganga alipomchoma sindano 3, kwenye kiwiko na chini ya magoti, na kumfukizia majani karibu na tumbo. Reston aliandika kwamba katika muda wa saa moja alipata nafuu.

JINSI INAVYOFANYA KAZI

Katika akupancha ya umeme, nyaya hufungwa kwenye sindano zilizokwisha chomwa, na mashine ndogo ya betri hupeleka umeme hafifu kwa muda wa nusu saa hivi. Mgonjwa husikia mpigo mdogo, bila kuungua. Mahali panapotumiwa sana ni kati ya kidole gumba na cha shahada, na upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti.

Mwaka 1975 Hughes na Kosterlitz, wataalamu wa Aberdeen, Uskoti, walitangaza ugunduzi wa enkefalini, kitu kinachotengenezwa na mwili wenyewe na kufanya kazi kama mofini. Baadaye Profesa Han Jisheng wa Beijing alionyesha kwamba umeme unaopiga mara 2 kwa sekunde huamsha enkefalini, na unaopiga mara 100 huamsha kitu kingine cha jamii hiyo, dainofini. Kwa hiyo mashine nyingi hupishanisha mapigo hayo mawili.

Hata hivyo tusidanganyane. Majaribio mengine yameonyesha wagonjwa wakihitaji mofini kidogo zaidi. Mengine hayakuona tofauti kubwa. Akupancha ni msaidizi wa dawa, haichukui mahali pake.

MAMBO YA KUZINGATIA

1. Mwenye kifaa cha umeme cha kuendesha mapigo ya moyo asitumie tiba hii bila idhini ya daktari wake wa moyo.

2. Mja mzito, na anayekunywa dawa za kuzuia damu kuganda, hana budi kusema mapema.

3. Sindano ziwe mpya, na zitupwe zikiisha kutumika.

4. Kamwe msijaribu nyumbani kwa betri ya gari wala kwa fundi wa redio. Kazi hii ni ya mtaalamu aliyesomea.

5. Maumivu yakizidi ghafla, au kukiwa na homa, usaha au tumbo kuvimba, mwiteni daktari upesi. Hiyo ni dalili ya hatari, si ya kutulizwa tu.

Ndugu zetu mnaowauguza wagonjwa, msiwaulize tu kama wanaumwa, maana shujaa atajibu kwamba hajambo. Mwombeni akohoe na ageuke. Akishindwa, mwambieni muuguzi. Naye mgonjwa akumbuke kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.